Kumrudisha nyumbani mzazi asiyetarajiwa kupona: mwongozo kamili, kutoka wodini Dar es Salaam hadi kijijini Kagera

Daktari anapowaita ndugu pembeni na kuwaeleza kwamba matibabu ya kuondoa saratani yamefika mwisho wake, swali linalofuata katika familia nyingi huwa ni hili: tumrudishe nyumbani, au tuendelee kukaa naye hapa? Mwongozo huu ni kwa watoto ambao baba au mama yao amelazwa au anahudhuria kliniki Dar es Salaam, mara nyingi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road au Hospitali ya Taifa Muhimbili, ilhali nyumbani kwao ni mbali na mgonjwa mwenyewe anataka kurudi. Nimechukua Kagera kuwa mfano kwa sababu ni miongoni mwa safari ndefu kuliko zote za ndani ya Tanzania, takribani kilomita 1,400 kwa barabara. Anayekwenda Kigoma, Songea au Tarime atabadilisha majina ya hospitali na ya barabara, lakini kazi iliyo mbele yake ni ileile.

Jambo moja nataka lishikwe kabla ya mengine yote. Safari hii hufaulu au hushindwa kwa sababu ya chupa ya pili ya dawa. Chupa ya kwanza ya mofini mtapewa hospitalini mnapotoka, na itawafikisha. Kinachowaumiza wagonjwa wengi ni siku ile chupa inapokauka kijijini, zahanati iliyo jirani ina panadol tu, na mtu aliyekuwa ametulia akizungumza na wajukuu anaanza kulia usiku kucha kwa maumivu. Kwa hiyo, kabla hamjauliza bei ya tiketi, ulizeni hiyo chupa ya pili itatoka wapi, itatolewa na nani, na itachukuliwa siku gani.

Hatua ya kwanza: mwulizeni mwenyewe

Ni kawaida yetu daktari kuwaeleza watoto, watoto wakanong'onezana koridoni, na mgonjwa akaachwa akisoma nyuso zao. Heshima kwa mzazi inadai zaidi ya hapo. Mtoto anayesikilizwa na mzazi, ambaye si lazima awe mkubwa, akae naye peke yake wakati maumivu yametulia na aanze kwa kumwuliza badala ya kumpa habari: "Mama, daktari amekueleza nini kuhusu hali yako? Ungependa tukueleze yote tunayoyajua, au mengine ubaki kutuachia sisi?" Mzazi mwingine atataka kujua kila kitu, mwingine atasema "nyie mnajua, mimi nipelekeni nyumbani tu," na majibu yote mawili yaheshimiwe.

Kisha ulizeni nyumbani kwake ni wapi. Watoto hudhani ni kijijini, kwenye kibanja chenye makaburi ya wazee, na mara nyingi wako sahihi. Lakini kuna mama anayetaka kukaa kwa binti yake Bukoba mjini kwa sababu ndiko anakoamini atatunzwa, na kuna baba ambaye baada ya kuishi Temeke zaidi ya nusu ya umri wake anaona nyumbani ni hapohapo Temeke, hata kama atazikwa Muleba. Kumrudisha mtu mahali asipopataka kwa sababu ukoo umeamua ni kumwondolea uamuzi wa mwisho aliobaki nao.

Na kama mtarudi, rudini mapema. Ninasisitiza hili kwa sababu kosa la kawaida la familia ni kusubiri "apate nguvu kidogo." Katika saratani iliyosambaa, nguvu hizo kwa kawaida haziji. Wiki ambayo mgonjwa bado anaweza kukaa kwenye kiti, kumeza dawa na kutambua watu ndiyo wiki ya kusafiri, kwani ikipita mtakuwa mnajadili machela, na ikipita zaidi mtakuwa mnajadili jeneza.

Hatua ya pili: zungumzeni na daktari na kitengo cha tiba shufaa

Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza maumivu na mateso mengine ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi. Ocean Road ina kitengo chake, na kwa miaka mingi taasisi hiyo imekuwa ikitengeneza mofini ya maji kutokana na unga wake na kuwapa wagonjwa waende nayo nyumbani. Ombeni kuonana na wahudumu wa kitengo hicho hata kama hakuna aliyewaelekeza huko.

Mwulizeni daktari waziwazi kama mgonjwa anaweza kustahimili safari na kwa usafiri gani; kama kuna jambo linaloweza kurekebishwa kabla ya kuondoka, kwa mfano kupunguza maji yaliyojaa tumboni, kuongeza damu, kuweka mpira wa mkojo au kutibu maambukizi; kama mifupa imeliwa na ugonjwa kiasi kwamba inaweza kuvunjika akinyanyuliwa vibaya; na ni dharura gani inayoweza kutokea njiani, iwe kutokwa damu, kifafa au kubanwa na pumzi, na ikitokea mfanye nini. Ulizeni pia muda. Daktari makini hatataja tarehe, ila anaweza kuwaambia kama anafikiria miezi, wiki au siku, na jibu hilo peke yake linatosha kuamua kama mtapita barabarani au mtatafuta ndege.

Ombeni mgonjwa aruhusiwe rasmi. Wapo wanaomtoa mgonjwa kwa kusaini kwamba wanaondoka kinyume na ushauri wa daktari kwa kuwa wamechoka kusubiri, kisha wanafika nyumbani bila barua ya rufaa wala dawa za kutosha. Siku moja zaidi ya subira inafaa.

Hatua ya tatu: tafuteni chupa ya pili

Mofini ni dawa inayodhibitiwa kisheria. Haiuzwi ovyo kwenye maduka ya dawa, na si kila hospitali ya wilaya inakuwa nayo kila wakati. Mkoani Kagera anzeni kuuliza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Bukoba, kisha hospitali za makanisa zilizo karibu na kijiji chenu, kama vile Ndolage, Rubya au Kagondo upande wa Muleba, Nyakahanga upande wa Karagwe, na Mugana upande wa Misenyi. Hospitali za KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, zimejihusisha na tiba shufaa kwa muda mrefu, Selian ya Arusha ikiwa miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Kwa Kanda ya Ziwa nzima, Bugando ya Mwanza inatibu saratani, na ndiyo tegemeo lenu ikiwa hospitali za karibu zimeshindwa.

Simu peke yake haitoshi. Ndugu aliyeko nyumbani aende kwa miguu yake hospitalini, aonane na mfamasia na muuguzi wa tiba shufaa, na awaulize mambo manne: Je, mofini ya maji ipo sasa? Ina nguvu kiasi gani, yaani miligramu ngapi katika mililita moja? Je, ndugu anaweza kuichukua bila kumleta mgonjwa? Je, kuna muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani? Aandike jina la mhudumu aliyemjibu na namba ya simu ya ofisi.

Swali la nguvu ya dawa si la kupuuzwa. Mofini ya maji hutengenezwa kwa viwango tofauti, na mililita 5 za chupa moja zinaweza kuwa na dawa mara kumi ya mililita 5 za chupa nyingine. Kila mnapopokea chupa mpya, someni karatasi iliyobandikwa na mlinganishe na ile ya zamani kabla ya kumpa mgonjwa tone moja. Ikiwa namba zimebadilika, mhudumu awapigie hesabu upya mbele yenu na kuandika kipimo kipya juu ya chupa.

Ikiwa baada ya kuulizia kote hakuna hospitali yenye mofini karibu, msikate tamaa ya safari, ila mwambieni daktari wa Dar es Salaam kabla ya kuondoka. Anaweza kuandika dawa ya muda mrefu zaidi, kuwapigia wenzake wa mkoani, au kuwashauri mkae Bukoba mjini badala ya kijijini.

Hatua ya nne: kikao cha familia

Kikao kijibu maswali mawili tu, nani atamtunza na nani atalipa, na kiwe na mtu mmoja aliyepewa mamlaka ya kusema neno la mwisho ndugu wanapovutana. Mambo mengine yasubiri.

Kuhusu nani atamtunza, ninalo la kusema. Katika familia nyingi kazi hii humwangukia binti asiyeolewa au mkamwana aliyeko kijijini, bila mtu kumwuliza, na kila anayetuma pesa kutoka mjini anajiona amemaliza wajibu wake. Mgonjwa wa namna hii huhitaji mikono miwili mchana na mingine miwili usiku. Mwulizeni anayetarajiwa kubeba mzigo kama anaweza. Mlipeni pato analoliacha shambani au kwenye biashara yake. Na pangeni zamu za wiki mbili mbili za watoto wanaotoka mjini, wanaume wakiwemo. Mwana wa kiume anaweza kumwogesha baba yake na kumbadilisha nguo, na baba wengi husitirika zaidi wakihudumiwa naye kuliko na mkamwana.

Kuhusu pesa, fungueni hesabu moja, mweka hazina awe mmoja, na michango ya kila mwezi itajwe kwa kiasi. Mbali na nauli, gharama zinazosahaulika ni nepi za watu wazima, sabuni, nauli ya mara kwa mara ya kufuata dawa, umeme, na chakula cha wageni.

Hatua ya tano: nyumba iandaliwe kabla ya mgonjwa kuondoka

Mtangulizi mmoja afike angalau siku tatu kabla. Chumba kiwe karibu na sebule ili mgonjwa asikie sauti za watu, kiwe na dirisha linalofunguka, na njia ya kwenda chooni isiwe na ngazi. Kitanda kiwe cha kimo cha mapaja ya mhudumu, kwa sababu kitanda kifupi kitamvunja mgongo anayemgeuza mgonjwa. Godoro liwe zito na lisilobonyea, lifunikwe kwa nailoni nzito, na juu yake shuka mbili, moja ya kawaida na nyingine iliyokunjwa mara mbili ikatandazwa kwa upana chini ya kiuno na mapaja. Shuka hii ya pili ndiyo mtakayoishika ili kumvuta na kumgeuza bila kumvuta mikono yake.

Choo cha shimo cha kuchuchumaa kitahitaji kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, ambacho fundi seremala yeyote anaweza kukitengeneza kwa siku moja. Wekeni ndoo yenye kifuniko, beseni la kuogea na kengele au hata kikombe cha bati cha kugonga anapotaka mtu usiku. Bukoba ni baridi kuliko Dar es Salaam, na mgonjwa aliyekonda huhisi baridi hiyo kwanza. Blanketi mbili zisikosekane. Kama mgonjwa anategemea oksijeni, jambo hili liamuliwe na daktari mapema, kwani mashine ya oksijeni ya nyumbani haifanyi kazi umeme ukikatika na lazima kuwe na mtungi wa akiba.

Hatua ya sita: nyaraka

Katika bahasha moja isiyolowa wekeni barua ya rufaa yenye muhtasari wa matibabu, nakala ya majibu ya kinyama (kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara), orodha ya dawa na vipimo vyake, barua ya daktari inayoeleza kwamba mgonjwa anabeba mofini kwa matibabu yake, kadi ya bima ya afya na kitambulisho cha Taifa. Pigeni picha kila karatasi kwa simu. Deni la hospitali likiwashinda, msimfiche mgonjwa wala msitoroke. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake ni pamoja na kushughulikia maombi ya msamaha wa gharama kwa wasio na uwezo.

Hatua ya saba: kuchagua usafiri

Kwa mgonjwa anayeweza kukaa, ndege ndiyo njia yenye mateso machache zaidi. Mjulisheni wakala wa shirika la ndege mapema kwamba abiria ni mgonjwa, ombeni kiti cha magurudumu na mpeleke barua ya daktari inayosema anaweza kusafiri kwa ndege. Asiyeweza kukaa huhitaji machela, ambayo huchukua nafasi ya viti kadhaa na bei yake hupanda kwa kiasi hicho, na si kila ndege inaikubali. Hewa ndani ya ndege ni nyepesi kama ile ya milimani, kwa hiyo mwenye shida ya mapafu au upungufu mkubwa wa damu apimwe kwanza, na oksijeni, kama inahitajika, iombwe kwa shirika lenyewe kwa sababu mtungi wa nyumbani haukubaliwi.

Kwa barabara, basi la kawaida ninalishauri kwa mgonjwa anayeweza kutembea mwenyewe hadi chooni, na si kwa mwingine. Gari la kukodi linalolazwa viti, kama Noah au Hiace, linafaa zaidi, na lenye muuguzi ndani ni bora kuliko vyote. Njia ya Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Biharamulo igawanywe kwa siku mbili au tatu, mkilala katika miji yenye hospitali kubwa. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR imefika Dodoma, nayo hupunguza kilomita za mtikisiko. Familia inaweza kumpandisha mgonjwa Dar es Salaam na gari likawasubiri Dodoma.

Njia ya tatu ni kufika Mwanza kwanza, kwa ndege au kwa gari. Kutoka hapo kuna meli ya New Victoria Hapa Kazi Tu inayovuka ziwa usiku hadi Bukoba na ina vyumba vyenye vitanda. Ulizeni ratiba bandarini kabla ya kupanga siku. Kuna pia barabara ya Geita, ambayo imekuwa rahisi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kwa kuwa gari lenye mgonjwa sasa halisubiri kivuko.

Msisahau kilomita tano za mwisho. Wakati wa mvua, barabara ya udongo ya kwenda kitongojini inaweza kumtesa mgonjwa kuliko lami yote aliyopita. Mtangulizi aikague siku hiyohiyo, na vijana wa jirani waandaliwe na machela ikiwa gari halitafika mlangoni.

Hatua ya nane: siku ya safari

Dawa ya maumivu itolewe kwa saa zake, na kama daktari ameelekeza dozi ya ziada kabla ya kumnyanyua, itolewe nusu saa kabla ya kumtoa kitandani. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisipakiwe kwenye buti. Chupa ya mofini ifungwe vizuri, ifungwe tena ndani ya mfuko wa nailoni, na isimame wima.

Ndani ya gari mlazeni ubavu, mto mmoja katikati ya magoti na mwingine nyuma ya mgongo, kichwa kikiwa upande wa mbele. Kila baada ya saa mbili simameni na mgeuzeni: mmoja ashike ncha za shuka upande wa mabega, mwingine upande wa nyonga, mhesabu pamoja na kuvuta kwa mara moja. Mkiwa na mgonjwa anayeweza kutokwa damu, tumieni kanga na taulo za rangi ya kahawia au nyekundu iliyoiva, kwa sababu damu juu ya shuka nyeupe humtisha mgonjwa na kila aliye ndani ya gari hata kama ni kidogo. Chakula kiwe kidogo kidogo, uji mwepesi au maji kwa kijiko akiwa ameinuliwa kichwa.

Lazima pia mkubaliane mapema mtafanya nini akifariki njiani, kisha msilizungumze mbele yake. Msiendelee na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Nendeni hospitali iliyo karibu, daktari athibitishe kifo, mpewe hati yake na kibali cha kusafirisha mwili, ndipo mwendelee. Bila hati hizo mtakuwa na maelezo magumu kwa polisi, na mtakwama tena wakati wa kusajili kifo.

Akifika, asipokewe na umati. Mwombeni mtu wa heshima kijijini awaeleze majirani kwamba siku ya kwanza ni ya kupumzika.

Hatua ya tisa: kuishi na dawa

Mofini ya maji ya kawaida hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, kwa hiyo hutolewa kwa ratiba na haisubiri maumivu yarudi. Ratiba inayotumika mara nyingi ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, ambapo dozi ya usiku daktari huweza kuifanya mara mbili ili mgonjwa asiamshwe saa 8 usiku. Kamwe msibadilishe kipimo kwa hesabu zenu wenyewe. Tumieni bomba la sindano lisilo na sindano, libandikeni utepe mahali dozi inapofikia ili hata bibi asiyeona vizuri namba ajue pa kuishia, na wekeni daftari kando ya kitanda: saa, kiasi kilichotolewa, aliyetoa, na maumivu yalivyokuwa. Dakika kumi za muuguzi na daftari hilo zitafaa zaidi kuliko saa nzima ya masimulizi.

Tarajieni usingizi na kichefuchefu siku mbili au tatu za mwanzo, kisha hupungua. Kufunga choo hakupungui, na ndiyo sababu mofini hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha choo kila siku. Papai na maji husaidia lakini havitoshi. Choo kikipita siku tatu bila kutoka, mjulisheni muuguzi. Mgonjwa asiyeamka anapoitwa na kutikiswa, huku akipumua polepole isivyo kawaida, anahitaji mhudumu wa afya mara moja.

Mtasikia watu wakisema mofini ni dawa ya kulevya, inamharakisha mtu kufa, aachishwe. Mzee wa ukoo au hata mtu wa maombezi anaweza kulisema hili kwa nia njema kabisa. Jibuni kwa adabu na kwa uthabiti: mofini iliyopimwa na daktari kwa maumivu haimfupishii mgonjwa maisha, na kuiachisha ghafla humrudishia maumivu yote pamoja na kutetemeka, jasho na kuhara. Maombi yaendelee, na dawa iendelee.

Hatua ya kumi: mwili, chakula na vidonda

Mgeuzeni kila saa mbili mchana na usiku kadiri anavyoweza, mkikagua visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo. Ngozi iliyoanza kuiva na kubadilika rangi isisuguliwe. Iondoleeni uzito tu. Kinywa kisafishwe mara kadhaa kwa siku kwa kitambaa laini kilicholowekwa maji yenye chumvi kidogo, na midomo ipakwe mafuta.

Vidonda vya saratani, hasa ya titi na ya mlango wa kizazi, hutoa harufu ambayo humfanya mgonjwa ajifiche na watu. Hili lina dawa. Mwulizeni muuguzi kuhusu kusaga vidonge vya metronidazole na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda baada ya kukiosha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi. Kwa wagonjwa wengi harufu hupungua ndani ya siku chache, na mama aliyekuwa amekataa wageni huanza kuwaita mwenyewe.

Kuhusu chakula, acheni ugomvi. Mwili unaokaribia mwisho hauhitaji chakula kama zamani, na kumlazimisha ndizi anazozikataa ni kumtesa kwa jina la upendo. Mpeni anachotamani, hata kama ni kijiko cha supu au tende moja.

Hatua ya kumi na moja: mambo anayotaka kuyaweka sawa

Mara nyingi mzazi anayerudi nyumbani ana watu anaotaka kuwaona na maneno ya kuyasema, yakiwemo ya kuomba na kutoa msamaha. Wagonjwa wengi huwa na nguvu zaidi asubuhi, kwa hiyo wageni wapangwe wakati huo, wachache kwa zamu, na anayelia kwa sauti aombwe kutoka nje. Mkatoliki aitiwe padri kwa ajili ya mpako wa wagonjwa akiwa bado na fahamu. Mwislamu awe na mtu wa kumsomea na kumtamkisha shahada muda ukifika.

Wosia uandikwe wakati akili iko sawa na bila kushinikizwa. Kwa wosia wa maandishi unaofuata sheria za kimila, anayejua kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki; asiyejua huhitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Anayerithi asiwe shahidi. Kwa Mwislamu, wosia hauzidi theluthi ya mali na hauwahusu warithi, hivyo sheikh anayefahamu mirathi ahusishwe. Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Hatua ya kumi na mbili: siku za mwisho, na kinachofuata

Atalala zaidi, ataacha kula na baadaye kunywa, mikono na miguu itapoa, na pumzi itakuwa na vituo. Sauti ya kukoroma kooni huwatisha walio karibu, ila mara nyingi haimsumbui yeye; mlazeni ubavu, na msimmiminie maji mdomoni kwa sababu yanaweza kuingia mapafuni. Mwulizeni muuguzi jinsi ya kuendelea na dawa ya maumivu akishindwa kumeza, kwani hata matone machache ndani ya shavu huweza kusaidia. Endeleeni kuzungumza naye kwa majina yenu. Kumkimbiza hospitali saa hizi, baada ya kumleta kutoka Dar es Salaam afie nyumbani, ni jambo ambalo familia huweza kulifanya kwa hofu, kwa hiyo amueni mapema nani atasema "hapana, tunabaki naye."

Akishafariki, mjulisheni mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji au kata, wapate kuandika taarifa na kutoa kibali cha mazishi. Kifo kinapaswa kusajiliwa ndani ya siku 30, na cheti chake ndicho mtakachohitaji benki, kwenye pensheni na mahakamani kwa mirathi. Mofini iliyobaki isimwagwe wala asipewe jirani anayeumwa meno; irudisheni kwa mfamasia wa hospitali mliyoichukua, pamoja na kiti cha magurudumu au mtungi wa oksijeni ulioazimwa, kwa sababu huenda kuna familia nyingine kwenye foleni inayovisubiri.